Kufunga Mlango Mchana

Sipendi paka. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu Nkuhungu wapo waliodhani nimeingiwa na huruma ya wanyama uzeeni, na mmoja akawa ananiletea vichwa vya samaki vimefungwa kwenye gazeti. Paka ni kiumbe mwenye majivuno yasiyo na msingi wowote. Anakula chakula chako, analala kwenye kiti chako, kisha anakutazama kana kwamba wewe ndiye mgeni na umekawia kuaga. Niliwaleta wawili nyumbani kwangu kwa sababu ya panya, na panya wenyewe nisingehangaika nao kama si mume wangu.

Mimi nilihamia Dodoma na ofisi yangu, serikali ilipohamia. Mume wangu alibaki Dar es Salaam kwa kuwa kazi yake ilikuwa huko, na hilo sikuwa na ugomvi nalo. Tukaishi hivyo miaka, yeye kule, mimi huku, watoto wakakua wakaenda vyuoni. Kisha akastaafu. Nikasema basi, sasa hakuna kinachomshika, aje tukae kama watu waliooana. Akaja kuitazama nyumba. Siku hiyo hiyo aliyofika, akiwa anapiga mswaki, panya akamkatiza juu ya mguu. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliyewahi kuongoza idara, akapanda juu ya ndoo na kuniita kwa sauti nyembamba. Kulipokucha akanitangazia kwamba nyumba yenye panya yeye haiwezi.

"Wamalize hao panya," akasema, "nami nitakuja moja kwa moja. Dar sirudi tena."

Nilimdharau, sifichi. Panya wa Dodoma ni wadogo, wamekondeshwa na ukame kama vitu vingine vyote vya huku. Lakini nilimwamini. Na nilitaka aje. Nilikuwa nimechoka kusonga ugali wa mtu mmoja, kibonge kidogo ambacho hata mwiko unakionea aibu.

Sumu sikuitaka. Jirani mmoja aliitumia, panya wakafia juu ya dari, na nyumba ikanuka mpaka watu wakaacha kumtembelea. Kwa hiyo mwenzangu wa ofisini alipokwenda Kibaigwa na pikapu yake kununua mahindi, nikapanda naye, maana kule sokoni kila ghala lina paka wake. Dalali aliyetuuzia mahindi akasikia shida yangu, akawasifia paka wake kwa maneno yale yale anayosifia mahindi yenye unyevu. Nikapewa dume mwenye mabaka, sikio moja limechanika, na jike wa rangi ya chungwa mwenye sura ya mtu aliyenyimwa likizo. Wakatiwa kila mmoja kwenye kiroba chake. Walilia njia nzima, na mwenzangu akapandisha sauti ya redio.

Habari zilienea mtaani kabla hatujamaliza kushusha mahindi. Mtaa wetu ni wa watumishi waliotoka kila mkoa, na siku ile niligundua kwamba kila mkoa una utaalamu wake wa kumzuia paka mgeni asitoroke. Jirani yangu wa mbele, mama wa Kitanga, akaja na chupa ya mafuta ya nazi. Alisema paka apakwe nyayoni, ajirambe, na akimaliza kujiramba atakuwa ameshasahau kwao. Jirani wa kulia, mhasibu mmoja mtu wa Bukoba, akasema mafuta ni upuuzi. Kwao paka huzungushwa akiwa bado ndani ya kiroba mpaka alewe, halafu unaingia naye ndani kinyumenyume ili asijue mlango umeelekea wapi. Akasimama uani kwangu mikono mfukoni kusimamia zoezi.

Nilifanya vyote viwili. Yule dume, amelewa na amepakwa mafuta, aliteleza kwenye vigae vya sebuleni mpaka akajigonga kwenye meza ya televisheni, akasimama, akatapika juu ya zulia, kisha akaenda moja kwa moja mlangoni na kuanza kuukwaruza. Kwao hakupasahau hata kidogo. Mhasibu akasema tatizo nilizungusha kwa kushoto.

Ushauri ningeuvumilia. Walioniudhi ni washauri. Hawa ni watu ambao Ijumaa ikifika mchana mabegi yao yameshasimama mlangoni. Jioni mtaa unabaki na walinzi, mbwa na mimi. Wanasema maji ya huku yana chumvi, upepo una vumbi, samaki hawana ladha. Wamekaa Dodoma miaka, hawajapanda hata mpapai, na friji zao zina maji ya chupa na kipande cha limau kilichokauka. Mtu ambaye hajawahi kuiona Dodoma ya Jumamosi ananifundisha mimi namna ya kumfanya paka aikubali Dodoma. Niliwasikiliza kwa adabu na nikawadharau mmoja mmoja.

Nyumba nayo ilikuwa upande wa paka. Fundi aliacha tundu kwenye dari juu ya stoo, akasema atarudi kulimalizia, na mpaka leo yuko njiani. Jike alilipata hilo tundu asubuhi ya kwanza. Nikaliziba kwa ubao na misumari, nikiwa juu ya magunia ya mahindi na gauni la kazini. Dume yeye akahamia kwenye wavu wa dirisha. Aliuchana kwa ukucha, akapenyeza kichwa kati ya nondo, akakwama pale, nusu ndani nusu nje, akawa anawapigia kelele wapita njia. Watu walisimama na kuniuliza kwa upole namfanya nini.

Lakini adui mkubwa alikuwa mlango. Kwetu mlango haufungwi mchana mwenye nyumba akiwepo. Mlango uliofungwa mchana watu huusoma vibaya: kuna mgonjwa anayefichwa, au kuna mali ya wizi, au kuna mwanamume. Tena salamu hutolewa hapo hapo kizingitini, mlango wazi, mpaka ziishe. Utaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mvua. Mwenye umri mdogo akikupa shikamoo huwezi kumwitikia marahaba kupitia upenyo kama askari magereza. Yule dume alizielewa salamu zetu kuliko watoto wangu wanavyozielewa. Alikuwa anajikunyata nyuma ya kochi akingoja tufike kwenye habari za watoto, kwa sababu pale hakuna mtu anayetazama chini.

Nikaanza kupokea watu dirishani. Mtu akipiga hodi, namwitikia karibu, pita huku dirishani. Wengine nilikuwa nawakamata mkono, nawavuta ndani, na kuusukuma mlango kwa kisigino kabla hawajamaliza kusema habari za asubuhi. Mama wa Kitanga nilimvuta kwa kasi mpaka upande wa kanga yake ukabanwa na mlango, akasimama sebuleni kwangu amefungwa kama mbuzi mpaka nilipomfungulia. Haikuchukua muda nikasikia ninavyosemwa. Kwanza walisema cheo kimenipanda kichwani. Baadaye wakasema nimeweka mwanamume ndani. Kwa umri huu na kwa magoti haya, nilijisikia vizuri kidogo.

Aliyenishinda ni mwenyekiti wa mtaa. Yule ni mzee, hashikwi mkono na kuvutwa. Alikuja Ijumaa moja, nikafungua mlango wote kama inavyotakiwa, nikampa shikamoo yake, naye akaniuliza afya yangu kwa undani wa mtu anayetaka kura. Tulipofika kwenye watoto, dume akapita katikati ya miguu yake. Nikamwacha mwenyekiti na sentensi yake mdomoni, nikatimua mbio na kandambili mguu mmoja. Paka akapanda ukuta wa mhasibu. Mhasibu alikuwa anapakia mabegi kwenye gari. Alisimama, akaniambia tena habari ya kushoto, akaendelea kupakia. Wengine walipunga mikono kutoka kwenye magari yao. Nilikaa chini ya ukuta ule na kiganja cha dagaa, nikimwita yule mnyama kwa majina matamu ambayo sijawahi kumwita binadamu, na moyoni nikimtukana. Alishuka alipotaka yeye. Mwenyekiti alikuwa bado yuko mlangoni, amevua kofia, anamzuia jike kwa fimbo.

Baada ya hapo mambo yakatulia polepole. Sijui ni dagaa, sijui ni kuchoka. Dume aliacha kukwaruza mlango, akahamia juu ya friji. Jike akaanza kuniwekea panya waliokufa karibu na viatu vyangu vya ofisini, huku akinitazama kwa huruma, kama ndugu anayemlisha ndugu mzembe. Kisha hata hao wakakoma. Stoo ikawa kimya. Magunia hayakutobolewa tena. Niliacha unga wazi mezani makusudi, na asubuhi niliukuta kama nilivyouacha.

Nikampigia simu mume wangu. Nilikuwa na furaha ambayo ilinitia aibu, nikaificha kwa kuzungumza kwa ukali. Nikamwambia panya wamekwisha, na kwamba akija mlango usiachwe wazi, maana paka bado si wa kuaminiwa. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao.

"Basi nakuja," akasema. "Nikikuta hakuna, ndiyo nimefika."

Alikuja Ijumaa. Nadhani ndiye mtu pekee aliyeshuka Dodoma wakati mtaa mzima unapanda. Alikuwa na begi dogo la mgongoni, nikajiambia mizigo itafuata. Nikapika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, nikamwelekeza tena habari ya mlango, akaitikia huku anaguguna mfupa. Asubuhi akawasha tochi ya simu, akachungulia nyuma ya friji, chini ya makochi, stoo nyuma ya magunia. Nilimfuata kwa fahari. Hakukuta hata kinyesi kimoja.

"Aisee," akasema. "Kweli hakuna."

Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Niliisikia, nikaipita, nikaenda gengeni kununua nyanya.

Niliporudi mlango ulikuwa wazi wote. Chini yake kulikuwa na kiatu chake, kimechomekwa kuuzuia usijifunge na upepo. Yeye alikuwa amekaa kwenye kochi anatazama simu. Juu ya friji hapakuwa na mtu. Nikauliza paka wako wapi, akasema wametoka. Walikuwa wanalia mlangoni, akawaonea huruma. Halafu, akasema, mlango ukifungwa mchana watu watafikiriaje?

Sikwenda kuwatafuta. Nilisimama na mfuko wa nyanya, nikakitazama kile kiatu. Mtu anayesahau huacha mlango wazi tu. Havui kiatu, hainami, hakichomeki. Na wale paka walikuwa wameacha kulia mlangoni siku nyingi.

"Hutaki kuhamia huku," nikamwambia.

Aliendelea kutazama simu, kisha akailaza juu ya goti.

"Panya ilikuwa rahisi kusema," akajibu.

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

Nilimwamini, na nikatamani angekuwepo. Mwanamke ningejua pa kuanzia. Nikamuuliza sasa ni nini.

"Nimezoea, mama watoto," akasema. "Naamka saa ninayotaka, nakula ninachotaka. Nimezoea kukaa peke yangu. Si kwa ubaya."

Mimi ni mtu wa dharau, na wote niliowataja humu nimewagawia. Pale nilijipekua nikitafuta ya kumpa yeye, na sikupata ya kutosha. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa alisema taratibu, kama mtu anayekuomba radhi kwa kukukanyaga. Nilikaa kwenye kiti cha pili na nyanya zangu mapajani, na kwa muda mrefu hakuna aliyeufunga mlango. Watu wawili watatu waliobaki mtaani walipita, wakatusalimu, tukawaitikia vizuri sisi sote wawili.

Jioni paka wakarudi. Dume alitangulia, vumbi mpaka kwenye kope, akaingia kama aliyetoka kazini, akaanza kupiga kelele mbele ya sahani yake. Jike akafuata. Mume wangu akainua miguu kuwapisha. Niliwawekea dagaa, kisha, kwa kuwa sipendi mambo yanayoning'inia, nikamwambia treni ya Jumapili hujaa mapema, afadhali akate tiketi sasa hivi kwenye simu.

Akasema nisihangaike. Alishaikata, ya kuja na kurudi, siku ile ile niliyompigia kumwambia panya wamekwisha.