Laptop Niliyoibeba Wazi hadi Kisarawe

Laptop ilikuwa ya mke wangu. Niliiazima Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu Kibaha. Ndani yake ilikuwemo tasnifu yake, miaka miwili ya kuwahoji akina mama wakulima wa kata ya Janga, na ilibaki wiki moja aikabidhi chuoni.

Mimi nilikuwa natengeneza kifaa cha kupima unyevu kwenye ghala la korosho la baba, kule Masaki ya Kisarawe. Ndani ya kifaa kuna kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti. Inatumia mfumo wa Linux kama laptop ile, ila prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya aina nyingine. Programu yake niliiandaa kwenye laptop, na kila nikijaribu naambiwa maktaba hazionekani, yaani zile faili ambazo programu huzitegemea ili ifanye kazi. Nilikuwa nimezinakili kutoka kwenye kifaa, naziona kwa macho yangu. Nikakasirika. Nikajipa mamlaka yote ya mfumo, nikazihamishia kwenye folda ya maktaba za laptop yenyewe. Zikaja juu ya zile zilizokuwepo, majina yale yale, nami nikaona sawa tu.

Baada ya hapo sikuelewa kitu. Niliandika amri ya kuorodhesha faili, ikagoma. Ya kunakili, ikagoma. Hata ya kurudisha nilichoharibu iligoma. Skrini inawaka, saa inatembea, lakini hakuna linalofanyika. Niliogopa kuizima, nikidhani haitawaka tena na tasnifu itapotea nayo. Maji yalinifika shingoni. Nikaibeba wazi kama sinia la vitumbua, kwa pikipiki, kisha magari mawili, hadi Kisarawe kwa kaka wa mke wangu, fundi wa kompyuta.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, shemeji. Mbona umeibeba wazi hivyo?”

Nilipomweleza, aliizima palepale. Nusura nilie. Akaiwasha kwa flashi yake iliyobeba mfumo mzima, akarudisha maktaba za laptop mahali pake. Za kifaa akazitengea folda yake peke yake, akaielekeza programu ya kukompaili, ile inayogeuza nilichoandika kuwa programu ya kifaa, izitafute humo humo, isitoke nje.

“Hizi ni za wageni, shemeji. Hazikai na za mwenye nyumba.”

Niliitikia kwa kichwa. Mpaka leo sina hakika kama nilielewa, ila tasnifu ilikuwepo, nzima.

Nilirudi Kibaha nikamwambia mke wangu ukweli wote. Hakugomba. Alifungua mkoba wake, akanionyesha flashi.

“Ipo humu. Na nyingine anayo kaka. Nampelekea kila ninapoandika sura mpya.”

Ndipo nikajua kwa nini kaka aliizima bila wasiwasi. Nikamuuliza mke wangu alianza lini kuficha kazi yake mbali na mimi.

“Tangu tuoane,” alisema, akaenda kuangalia mboga jikoni.

Nilibaki nimekaa, nimefarijika na nimeumia, sijui nimfuate nikamshukuru au ninyamaze.