Somo Zeituni, aliyegoma kunipaka singo

Siamini bado, jamani. Somo Zeituni kalala mchana, hakuamka. Tangu jana niko kama ndotoni: nyumba yangu hapa Kisauni inanukia liwa na karafuu, na mtaani hakuna harusi.

Wasiomjua: alikuwa somo, yule mwanamke anayemsugua bibi harusi singo, ule unga wa manukato, na kumfunza ya ndoa. Mimi naye sote tulikimbia vita Kisimayu, tukakutana kambini huku Mombasa, miaka ya tisini. Mahema na vumbi tupu, lakini yeye kila alasiri ana asumini kichwani. Alizitoa wapi? Mpaka leo sijui.

Baba alifia vitani. Mama akataka niolewe upesi, nipate wa kunisitiri. Akaja bwana mmoja aliyebeba bunduki kule, mtanashati, anacheka vizuri. Nilimpenda, niseme uongo?

Wazee wake wakatoa sharti: bibi harusi apimwe ukimwi. Wasichana waliopita vitani, walisema, hawaaminiki. Nikapimwa, niko salama. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Siku ya singo nimekaa mkekani, nimejifunika kanga, wanawake wanaimba polepole, naona kila kitu kwa mbali. Somo akaweka bakuli chini.

"Simpaki mtu mimi, mpaka bwana harusi naye achomwe sindano."

Nyimbo zikakatika. Ami yake bwana harusi akafoka huko nje, "Mwanamume hapimwi!"

"Kwani mwilini ana damu ama ana marashi?"

Wee! Kuna waliocheka. Mama akalia, "Somo, unatuaibisha." Nami saa ile nilimchukia, wallahi.

Ndipo akasema mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya kuimbia: "Ukimwi ninao mimi. Mume wangu alirudi nao vitani. Alipokufa, mawifi wakanifukuza, wakasema mimi ndiye niliyemletea. Na sijapata kumjua mwanamume mwengine."

Nawasikia mpaka leo kuku waliokuwa wakipekua nje ya hema.

Bwana harusi hakupimwa. Akaoa binti mwengine mle mle kambini. Baadaye binti akaugua, akaitwa malaya na watu waliokula pilau ya harusi yake. Tulimzika akiwa bado msichana mbichi. Ningekuwa mimi.

Na Somo? Hakuitwa tena kwenye harusi. Eti mikono yake ina ugonjwa. Akakaa na sinia la maandazi, na hayo pia watu wakayapita.

Nilipopata mchumba wa Jomvu Kuu, alikwenda kupimwa bila kubishana. Nikawaambia nyumbani, anipake Somo Zeituni au hapana harusi. Alinipaka huku akinitania: "Goti kama hili, mwanangu, unampelekea mtu?"

Dawa zilipokuja akawa kaunsela kliniki, beji shingoni. Ukimpigia simu: "Niko on duty, bibi." Tulicheka sana.

Jana waoshaji walisimama mlangoni, wakaangaliana. Miaka yote hii, bado! Nikakunja mikono ya buibui, nikaingia.

Nimekuosha taratibu, Somo. Miguu, mgongo, kidole kwa kidole, ulivyonifunza. Mikono yako nimeiacha mwisho, nikaishika kidogo kabla sijaifunika.

Haikuwa na neno lolote, mikono hii. Lala unukie, Somo wangu.