Injini Iliyokula Fulana Yangu

Jamani, nichekeni nikiwa nasikia.

Injini yangu ya kupasulia mbao hapa Michenga ilianza kufuka moshi mweusi na kuishiwa nguvu katikati ya gogo. Mke wangu, Mama Neema, akasema tumwite Fundi Athumani, jirani yetu. Mimi nikakataa. Tangu fulana yangu ya kwaya ipotee kwenye kamba ya nguo na nimtangaze mbuzi wake kuwa ndiye kaila, hatukuwa tunasalimiana. Nikasema injini imezeeka, tuuze ng'ombe wetu wa pekee tununue mpya.

Mnunuzi alipofika na kamba, Mama Neema akamwita fundi bila kuniuliza.

Fundi akafungua chujio la hewa. Akavuta kitambaa kilichojaa unga wa mbao, kikaja na kola, kikaja na jina la kwaya yetu. Hapo ndipo nilipokumbuka ile mvua, nilivyonyakua nguo ya karibu kuziba tundu la hewa la injini maji yasiingie.

Injini ikawashwa, ikanguruma safi. Fundi akaikung'uta fulana, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Baba Neema, mbuzi wangu anaomba radhi kwa kuchelewa kuirudisha."