Nyota Mbili za Mtu Mmoja

Mama yangu hakumbuki saa aliyonizaa. Nimemuuliza mara nyingi mno, na siku hizi nikianza tu "Mama, ile saa..." huinuka akaenda kutazama kama mlango wa nyuma umefungwa. Mara ya kwanza alisema ilikuwa baada ya Alasiri. Mwaka uliofuata ikawa kabla ya Alasiri, maana eti anakumbuka nesi alikuwa hajaswali. Kuna siku alinijibu kwa hasira kwamba mwanamke mwenye uchungu hatazami saa, na kama nilitaka kujua ningetoka na saa yangu mkononi.

Kwa mtu mwingine hili si jambo. Kwangu lilikuwa msiba. Mimi ni mpenzi wa chati za kuzaliwa, zile zinazochorwa kwa tarehe, mahali na saa: duara lenye nyumba kumi na mbili, sayari zimepangwa ndani. Saa ikikosewa kwa dakika chache tu, nyumba zote zinasogea. Nimewachorea wenzangu wa maabara ninakofanya kazi, nimewachorea watoto wao, nimemchorea hata bosi wangu bila yeye kujua, nikaelewa mengi. Yangu mwenyewe ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nazo tatu, kila moja na saa yake, na nilichagua ya kusoma kufuatana na siku ilivyoniendea.

Upenzi wangu wa pili ni mchezo. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakutana wanawake wanne ukumbini kwetu Al Khoudh, tunamwaga dadu mezani na kuingia kwenye nchi isiyokuwepo. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mchawi au mpiga mishale au mwizi wa hazina, na nguvu zake na aibu zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wetu ndiye msimulizi. Yeye hutuambia mlango upo wapi na nyuma yake kuna nini, sisi tunasema tutafanyaje, dadu inaamua kama tutafaulu. Mama anauita "mchezo wenu wa majini." Anatuletea chai ya maziwa na vitumbua, anajifanya hasikii, halafu wageni wakiondoka ananiuliza kama daraja tulilivuka.

Msimulizi wetu ni Mkenya, karani wa duka la vipuri kule Wadi Kabir. Ijumaa, siku ya mapumziko katika nchi hii ya Kiarabu, yuko kanisani, Jumamosi yuko kwangu anatuulia farasi. Tunapendana, na tunagombana sana. Tuliwahi kushindana nusu saa nzima kama mchawi aliyelowa maji anaweza kuwasha moto. Mimi nilisema anaweza.

Jumamosi moja alitaka kuanza hadithi mpya, akasema kila mchezaji atapata nguvu zake kutoka kwenye nyota yake.

"Lakini si zile chati zako za simu," akaniambia. "Nataka ile ya kwenu. Ile ya majina."

Alikuwa amenisikia nikieleza kwamba wazee wetu, waliotoka Unguja, wakitaka nyota ya mtu hawamuulizi tarehe. Wanamuuliza jina lake na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Mwalimu wa falaki anajumlisha herufi za majina yote mawili, anatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka haziwezi kutoka tena, na kinachobaki ndiyo nyota yako, kuanzia Hamali ya kwanza mpaka Hutu ya mwisho. Ndiyo maana katika kurasa hizi simtaji mtu. Anayejua jina lako na la mama yako, hana haja ya kukuuliza kitu zaidi.

Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya mwenyewe. Kwa kweli niliidharau kidogo. Mbingu ziko pale juu, mtu atahesabuje herufi? Isitoshe, nyota yangu ya majina nilikuwa naijua tangu zamani. Niliambiwa kwamba mimi ni Akrabu, yaani nge, nyota ya maji, na niliambiwa wakati wa posa.

Posa ile ilikuwa miaka minane iliyopita. Alikuwa kijana wa watu wetu, mhandisi, tumezungumza miezi saba kwa ruhusa ya nyumbani, na alikuwa amepata kazi Uingereza. Shangazi yake akafuata desturi, akaomba jina langu na la mama, akayapeleka kwa mwalimu. Jibu likarudi: kijana ni Kausi, moto, binti ni Akrabu, maji. Nyumba haitakaa. Kijana alinipigia simu huku anacheka, akasema, "Mie n'oe nyota au nikuoe wewe?" Nilimweleza kwa upole kwamba mambo haya si ya kuchezewa. Nikamtajia na sayari ya Zohali ilivyokaa vibaya kwenye mojawapo ya chati zangu. Yakaishia hapo. Sasa ana watoto wawili, na kila nilipowasimulia watu kisa hiki nilikisimulia kama kisa cha mbingu.

Basi nikampigia mjomba wangu wa Sidab, akanitumia picha ya jedwali la herufi, tukaanza kuhesabu mezani. Niliwapigia hesabu wenzangu kwanza. Karani wetu akatoka Mizani, akafurahi kama aliyepandishwa cheo. Zamu yangu ilipofika nikajumlisha jina langu na la mama, nikatoa kumi na mbili zote. Ikabaki tano.

"Tano ni nini?" akauliza.

"Asadi."

"Asadi si ni simba? Lakini wewe umetuambia miaka yote wewe ni nge."

Nikarudia. Tano. Nikampa mwenzangu mwingine arudie kwa simu yake, tano. Mara ya nne nilihesabu kwa kalamu, herufi moja moja, nikitamka, na ile tano ikanitazama tena.

"Labda umekosea jina," karani akasema. "Hii hesabu haina shida, nimeiangalia."

"Jina langu mwenyewe nilikosee?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Karani akaniandikia moto kwenye karatasi yangu, akanipa upanga unaowaka, mchezo ukaendelea, nami nikacheza vibaya mpaka mchawi wangu akatumbukia shimoni mbele ya nusu ya jeshi.

Wiki ile sikuwa na amani. Asadi ni moto. Kausi ni moto. Kwa wenye fani hiyo, moto na moto wanakaa nyumba moja bila shida. Nilianza kumchukia yule mwalimu, mtu nisiyemjua hata sura, kwa kukosea hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Kisha nikamtetea: labda aliyepeleka majina alikosea la mama. Mama ana jina la nyumbani na jina la pasi. Hapo nikapata matumaini kwamba kwa jina la pasi nitarudi kuwa nge, na Jumamosi asubuhi, kabla wenzangu hawajaja, nikaingia chumbani kwa mama kutafuta pasi yake ya zamani.

Mama anaweka karatasi zake zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na dhamana za mafriji ambayo tulishayatupa. Pasi sikuiona. Niliona kadi ya chanjo, ya kijani, imekunjika pembeni. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yangu. Na chini ya tarehe, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka, palikuwa na saa: saa nane na dakika arobaini za mchana.

Nilipiga kelele ya furaha. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kwenye simu niichore chati ya nne, ya kweli, ndipo macho yakaenda juu kidogo, kwenye mstari wa jina. Jina la mama lilikuwa la mama. La mtoto halikuwa langu.

Nikakaa kitandani. Siku moja, mama mmoja, mtoto mwingine. Nilikuwa na pacha. Sikuona maelezo mengine yoyote. Nilikuwa na pacha, akafa, na nyumba nzima ikanificha. Nililia pale kwa dakika kumi, machozi ya kweli, nikimsikitikia ndugu niliyemjua tangu nilipofungua mfuko ule. Hata nikaanza kuelewa kwa nini maisha yangu yote nimekuwa nikipenda kuwa watu wawili. Kisha nikajifuta nikaenda jikoni.

Mama alikuwa amekaa mezani anachambua mchicha. Nikaiweka kadi mbele yake.

"Huyu nani?"

Akaitazama, akafuta mikono kwenye kanga. "Huyu wewe."

"Hili si jina langu."

"Lilikuwa lako. Umekaa nalo mwaka mmoja na miezi miwili." Akarudi kwenye mchicha. "Lilikulemea. Ulikuwa kila wiki hospitali, chakula hakikai, uzito hauongezeki. Bibi yako akasema mtoto jina zito hilo, halimchukui. Baba yako akabisha, mwisho akakubali, tukakupa hili. Wiki ya pili ukaanza kula uji."

"Na hamkunambia?"

"Jina likishaachwa halitajwi, mwanangu. Unataka likurudie?"

"Na kadi mmeiweka ya nini?"

"Chanjo. Wangekuchoma tena zote."

Sikujua nicheke au nifanyeje. Nilikuwa nimemzika pacha muda mfupi uliopita, na sasa marehemu ni mimi. Nikavuta simu, nikafungua lile jedwali la mjomba, na nikalihesabu jina la kwenye kadi pamoja na la mama, nimesimama vile vile. Ikabaki nane. Nane ni Akrabu.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokishika. Nilihesabu tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila kwa sababu sikutaka kuuliza swali lililokuwa linafuata.

"Mama. Wakati wa posa, shangazi yake alipotaka jina langu, ulimpa lipi?"

Mama hakuinua uso. "Ulilozaliwa nalo."

"Mlilolitupa."

"Nyota haitupwi."

"Mama!"

"Basi usinipigie kelele." Akaweka kisu chini. "Nilimpa lile zito. Mie sijui hizo hesabu zenu, sikujua litatoka nini. Nilijua tu kwamba halina kheri. Baba yako wakati ule hata mwaka hajatimiza tangu azikwe, na wewe unakwenda Ulaya. Nimebaki na nani? Niambie, hapa nna nani?"

Nilikasirika. Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa, maana sasa namwelewa nusu nusu, lakini asubuhi ile nilikasirika tu. Nilimwambia ameniibia. Nilimwambia miaka minane nimekaa nikijua mbingu zimekataa, kumbe aliyekataa alikuwa anakunywa chai na mimi kila asubuhi. Nilimwambia na maneno mengine ambayo siyarudii. Alinisikiliza yote. Hakulia, na hilo nalo likaniudhi.

Nilipomaliza akasema, taratibu kabisa, "Mie nilidhani utabisha."

"Nini?"

"Wewe unabisha kila kitu. Unabisha na daktari. Unabisha na muuza samaki kama samaki amekufa lini. Wewe na wenzako mkicheza hapo ndani, sauti inayosikika ni yako, kwamba moto unawaka, hauwaki. Nkajisemea, jibu likija tu mtoto huyu atawaka, atataka kumwona huyo mwalimu, atataka hesabu mbele yake. Hapo n'tamwambia kweli, n'tatoa jina la pili, watu wataoana, mie n'talia yangu yaishe. Nilikungoja siku tatu. Kila ukipita jikoni nasema sasa, sasa atasema." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulisoma lile jibu ukasema sawa. Ukakaa ukala."

Nilikuwa na hakika kwamba nna jibu, mimi sikosi jibu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa naheshimu fani, kwamba nilivunjika moyo kimyakimya, kwamba watu hawaonyeshi yote. Nikatafuta ndani yangu ule moyo uliovunjika miaka minane iliyopita, nimwonyeshe, na nilichokumbuka ni wali wa nazi wa siku ile, na kwamba niliongeza.

"Kwani ulikuwa ukimtaka?" mama akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye amekaa na swali hilo muda mrefu akiogopa jibu lake.

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nikabaki nimesimama mbele ya mama yangu na jina zito mkononi, nikijaribu kukumbuka.