Bakuli Tulilotumwa Kulimaliza

Siku hiyo ya Idd, nyumbani kwetu Buguruni, walikuwapo bibi mzaa mama, mama yangu, mjomba ambaye ni mdogo wake mama, mabinti wawili wa mama mdogo, na mie mwenyewe, labda wa miaka tisa. Nyumba ya pili alikaa Mama wa dukani, Banyani, shoga yake bibi. Majina yao yote ninayo kichwani. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wapo na wana maneno.

Mama wa dukani hakula nyama, samaki wala yai, na hakula kwa mtu. Kwa bibi tu ndiko alikokula. Bibi alimwekea sufuria yake peke yake, haijawahi kuguswa na nyama, na kila Idd akampelekea sinia. Bibi akisema kitu ni safi, yule mama hakuuliza mara mbili.

Mjomba alikuwa mpishi kwa Mzungu. Siku hiyo akaja na baiskeli, nyuma kafunga kikapu chenye barafu na unga wa mbao, ndani yake bakuli la jeli. Sie hatujawahi kuona kitu kama kile. Ukiligusa bakuli kinacheza, ukiacha kinaendelea. Pakiti yake ilikuwa na picha ya zabibu na machungwa, basi bibi akaona ni matunda. Akachota bakuli dogo, akaliweka kwenye sinia la Idd, akalipeleka mwenyewe kwa shoga yake.

Aliporudi akamkuta mjomba anajisifu. "Hii ya pakiti ni kazi ndogo. Wakati wa vita pakiti zilikuwa haziji, memsahib, mke wa Mzungu wangu, akanifundisha kuchemsha kwato za ndama mpaka maji yagande."

Bibi akauliza taratibu, "Na ya pakiti?"

"Hiyo hiyo, mama. Kwato na ngozi, wameisaga tu."

Bibi akakaa chini. Ukishampa mtu sinia la Idd huendi kumwomba akurudishie, huko ni kumtukana. Akatutazama sie watatu. "Saa hizi yuko bafuni, akitoka anasali, ndipo anakula. Nendeni uani kwake mkalile lote. Lisibaki hata tone."

Tukatoka mbio. Bakuli tulilikuta kwenye kigoda, jeli imeanza kuyeyuka. Kuila kwa vidole ni kama kukamata kambale. Kipande kikamteleza binti mdogo, kikaingia kifuani ndani ya gauni jipya, akaanza kuruka. Dada yake akashikwa na kwikwi. Mie nikacheka mpaka ikanitokea puani.

Mama wa dukani akatoka, nywele zinachuruzika maji. "Nyie, mmekuja kuleta Idd au kuila?"

"Shikamoo," tukasema wote watatu, midomo imejaa.

"Marahaba. Nani kawatuma?"

"Bibi," nikasema.

"Kawatuma kula?"

"Ndiyo."

Bibi akaingia anahema, kiatu kimoja mguuni, fundo la kanga mkononi. Akasema yote: kwato, ngozi, picha ya machungwa. "Shoga, nimekudanganya bila kujua. Ukitaka usile kwangu tena, sikulaumu."

Yule mama akamtazama, halafu akaanza kucheka, akashika nguzo. "Mie nisingekila. Nilikiweka pembeni tangu ulipoondoka. Kinatikisika chenyewe, shoga. Kinachotikisika chenyewe mie sili."

"Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe siku ya Idd?"

Bibi akafungua fundo la kanga. Ndani zilikuwamo kashata. Mama wa dukani akachukua moja, akaigeuza juani.

"Na hii?"

"Nazi na sukari. Nimeikuna kwa mkono wangu."

Akaitia mdomoni.

Jeli ile nakumbuka ilikuwa nyekundu. Binti mkubwa wa mama mdogo kila tukikutana anashikilia kwamba ilikuwa kijani, na kwamba aliyepata kwikwi ni mie. Kama umesoma hapa na ulikuwa jirani yetu, au mama yako alikuhadithia, nirekebishe. Ila la kwikwi msimsikilize.