Ukuta wa Dani

Juzi nilipita nyuma ya soko hapa Migori nikamkuta mama mmoja akikandika jiko lake. Mikono yake ilikuwa imezama hadi viwiko ndani ya karai la udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na harufu ile ikanisimamisha njiani na mboga zangu mkononi. Najua wengine wenu mtakunja pua. Lakini sisi tuliolelewa Lambwe, kabla saruji haijaingia kila boma, tukisikia harufu hiyo hatufikirii uchafu. Tunafikiria Krismasi.

Kwetu Desemba ilianza na udongo. Shule zikifungwa tu, wanawake walianza kukandika nyumba upya ili wageni wa kutoka Kisumu na Nairobi wakute kuta zinapendeza. Boma letu lilikuwa na nyumba tatu: ya mama yangu, ya Mama Adhiambo aliyeolewa na ndugu mdogo wa baba, na ya nyanya yetu, ambaye tulimwita Dani. Wake wa ndugu kwetu huitana nyieka, na hawa wawili walipatana vizuri sana, wakigawana chumvi na kubebeana watoto, miezi kumi na mmoja ya mwaka. Ule wa kumi na mbili uliwatoa akili.

Sijui nani alianza. Nakumbuka tu kwamba mwaka mmoja mama alichora maua mekundu kando ya dirisha, na mwaka uliofuata Mama Adhiambo akachora maua na ndege. Mama akaponda betri kuukuu za redio, akatoa ule unga mweusi, akapiga mstari chini ya ukuta wote. Mwenzake akapiga miwili. Baadaye wakatokea twiga, jogoo, na kiumbe ambacho baba mdogo aliapa ni swara wa kule mbugani Ruma, ingawa sisi watoto tuliona mbuzi mgonjwa. Wageni wa Krismasi walizunguka wakisifu, na mama zetu walitega masikio kusikia nani amesifiwa zaidi.

Mimi na Adhiambo tulikuwa na miaka tisa, na kama wasichana wengine wa kwetu tulilala kwa nyanya, kwenye mkeka mmoja. Hakuna mtu niliyempenda kama Adhiambo. Hata hivyo Desemba iligeuza kila mmoja wetu kuwa mpelelezi wa mama yake. "Nyieka ametoa udongo wapi?" mama angeniuliza huku akijifanya anapepeta mchele, nami ningesema yote niliyoambiwa mkekani kwa siri.

Mwaka ule Mama Adhiambo aliletewa udongo mweupe kutoka kwao milimani, mweupe kama unga wa ngano. Alipoupaka, nyumba yake ilionekana tangu barabarani. Mama alisimama akiutazama ukuta ule, chakula kikamshinda, nami roho ikaniuma. Basi adhuhuri moja, watu wazima wakiwa mtoni, nilikwenda hadi walipofungwa ndama. Kuwafunga ilikuwa kazi ya Adhiambo. Nawaambia ninyi ukweli ambao sikumwambia mtu mzima yeyote: sikuteleza wala sikusukumwa. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno.

Ndama alikwenda moja kwa moja, utadhani ametumwa. Alilamba ndege mmoja, akaonja twiga, kisha akajisugua mbavu kwenye ukuta mbichi kutoka pembe hii hadi ile.

Lawama zote zilimwangukia Adhiambo. Kesho yake mama yake alikuwa anakwenda Homa Bay kununua nguo za Krismasi, na walikuwa waende pamoja. Akamwacha. Nilimwona Adhiambo amesimama langoni, miguu imepakwa mafuta tayari kwa safari, akitazama barabara hadi vumbi likatua. Jioni hiyo alichukua blanketi lake akahamia upande wa pili wa kitanda cha Dani, na mkeka wetu ukawa mpana kuliko nilivyoutaka. Dani aliliona lile blanketi, akanitazama mimi, akaendelea kuchambua maharagwe.

Sasa lazima mjue jambo moja. Kwetu, mama mwenye wake za wanawe hakandiki nyumba yake mwenyewe. Ni aibu ya boma zima. Kila mwaka mama zetu walianza na nyumba ya Dani, mmoja ndani, mwingine nje. Mwaka ule kila mmoja aliuwekea ukuta wake udongo, na nyumba tuliyolala sisi sote wawili ikabaki na nyufa za kuingiza kidole. Dani alinituma kwa mama.

"Mwambie angoje kidogo," mama alisema. "Hii udongo ni ya mbele ya nyumba. Kwani nyieka hayuko?"

Adhiambo alitumwa upande wa pili, akarudi na jibu lile lile.

Jumamosi, siku ambayo akina mama wa kanisa wangekuja kwetu kwa maombi, Dani alifunga leso kiunoni, akakanyaga udongo mwenyewe, akaanza kupaka. Nilikaa mlangoni juu ya stuli yake ndefu, ile aliyokuwa akipanda kuning'iniza mbegu za mahindi darini. Niliomba nimsaidie.

"Kaa hapo, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Kaa tu."

Alipaka hadi usawa wa bega lake, akasogea pembeni, akapaka tena. Juu kukabaki nyufa tupu. Nilimhurumia sana, mzee wa watu asiyefika juu.

Akina mama wa kanisa waliingia wakiimba, na wimbo ukawafia midomoni.

"Kwani mama, hii boma haina wake?" mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

"Wako," Dani alijibu, tope likimchuruzika kwenye viwiko. "Tena wazuri sana. Ni vile tu wako na kazi mingi."

Mama alitokea mbio upande huu, mikono myekundu. Mama Adhiambo akatokea upande ule, mikono myeupe. Hawakutazamana. Wakainama kwenye karai moja, vichwa vikagongana, na Mama Adhiambo akaangua kicheko kilichokaribia kuwa kilio. Wageni waliweka Biblia zao juu ya kiti wakakunja mikono ya nguo. Maombi yalianza saa tisa.

Nilimfuata Adhiambo na donge la udongo mkononi. "Ni mimi nilifungua ndama."

Alichukua lile donge, akanipaka nalo uso mzima, taratibu, kuanzia kipaji hadi kidevu. "Nilijua," alisema. "Kamba ilikuwa na mate."

Alijua, na hakunisema. Jioni blanketi likarudi mkekani. Siku ya Krismasi nilivaa gauni langu jipya hadi ibada ilipokwisha, kisha nikamvua yeye la zamani nikamvika lile.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kisa cha nyanya aliyezeeka, mikono ikawa haifiki juu. Dani alishatutoka, na nyumba yake ikaachwa ianguke yenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Ile stuli ilibaki jikoni kwa mama. Mwaka jana nilikuwa nyumbani, Adhiambo akaipanda kutoa sufuria darini, na yeye si mrefu kumpita Dani. Mkono wake ulifika bila hata kujinyoosha.

Nikabaki nimeshika mlango. Siku ile Dani alikuwa na stuli hatua tatu tu kutoka alipokuwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia. Hakuniambia niondoke. Ile sehemu ya juu aliwaachia mama zetu.