Idi Tuliyotia Mfuko Wetu Tanurini

Nakumbuka Idi yetu ya kwanza bila baba na mama, mwanangu, na picha uliyonitumia juzi ndiyo iliyonirudisha huko. Umenionyesha jiko la chuma la chumbani mwako, huko kwenye baridi. Unasema ukilibana hewa, vigogo vichache vinashika moto tangu usiku mpaka asubuhi, na moshi wenyewe unaungua tena humo humo kabla ya kutoka. Nimecheka peke yangu. Sisi hapa mjini Sib moto wa namna hiyo tulikuwa tukiuchimbia shimo.

Shuwa, nyama yetu ya Idi ya kuivishwa shimoni, wewe unaijua kwa kuila tu. Siku hizi watu wanaiagiza imeshaiva. Miaka ya tisini mtaa wetu ulikuwa na tanuri moja, shimo refu lililojengewa mawe. Kila nyumba ilipaka nyama yake thomu, siki na bizari, ikaifunga kwa majani makavu ya mgomba, ikaitia katika mfuko wa ukindu wenye kitambaa cha alama. Wanaume waliwasha kuni za mgunga mpaka zikawa makaa, wakaishusha mifuko yote pamoja, wakafunika kwa chuma na kuziba kwa udongo. Tanuri halikufunguliwa mpaka kesho yake.

Sasa, ami Nasor, mdogo wake marehemu baba, alikuwa ameshaamua. Idi ikimalizika, babako Suudi, mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kubaleghe, atakwenda kwake, mji wa Suhar. Mdogo wetu Zuwena atachukuliwa na shangazi, mji wa Nizwa. Ami hakuwa mtu mbaya. Aliniona mimi, msichana niliyeacha skuli nikashonea watu nguo sokoni, akaona nyumba haina mtu mzima. Mimi nilitaka wadogo zangu wabaki chini ya dari moja. Basi nikamwalika aje ale shuwa kwetu, aone nyumba bado ina mwenyewe, na mfuko wetu ukaingia tanurini kama wakati wa baba.

Asubuhi ya kufungua, saa yake ikiwa bado haijafika, Suudi akaja mbio. "Dada, tanuri linatoa moshi!"

Nikavaa buibui nikatoka, ingawa pale palikuwa mahali pa wanaume. Udongo ulikuwa umepasuka upande mmoja, moshi mwembamba unapanda. Nikamwomba Mzee Hamdani, msimamizi wa tanuri, afungue niutoe mfuko wetu kabla haujaungua.

"Lo! Leo tunaamrishwa na wanawake mpaka shimoni?" kijana mmoja akadakia. "Bado kutuletea mwiko!"

"Nyamaza wewe. Nyama yenu kaipaka nani, kama si mama'ko?" Mzee alimjibu, kisha akanigeukia. "Na wewe, binti yangu, unataka kuunguza nyama ya mtaa mzima? Nikifungua sasa hewa itaingia, makaa yatawaka. Lete udongo."

"Na yetu ikiwa imeshaungua, babu? Ami anakuja leo."

"Ikiungua kidogo, mtakula iliyobaki. Nnakuona tangu msiba. Unashona mchana kutwa, ukirudi unapika, unafua, unawagombeza wenzio. Huli, hulali. Unawaka mzima kwa mara moja! Ukishakuwa jivu, hawa watoto watamtazama nani? Lete udongo, nimekwambia."

Nikapiga magoti nikaukanda udongo kwa mikono yangu, yule kijana mwenye maneno akinimiminia maji. Tukaziba. Moshi ukakonda, ukakatika. Kisha nikarudi nyumbani kusubiri, na kusubiri kule, mwanangu, kulinishinda kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya.

Mfuko wetu ulitoka umeungua pembeni. Nyama ya upande mmoja ilikuwa mkaa mtupu. Iliyobaki, ukishika mfupa unachomoka wenyewe. Ami alikula, Zuwena kajibanza ubavuni kwangu.

"Thomu yake kama ya mama'ko," ami akasema mwishowe. Akanawa mikono. "Haya. Utawaweza hawa mpaka wawe watu wazima?"

Nilikuwa nimejitayarisha kuapa. Nilitaka kumwambia ntashona usiku na mchana, hawatokosa kitu. Lakini mikono bado ilikuwa inaniwasha kwa udongo.

"Sijui, ami," nikasema. "Nipe mpaka Idi ijayo. Ukija ukaona wamedhoofu, au hawaendi skuli, wachukue, sintokuzuia. Na Ijumaa uwe unakuja. Suudi anataka mwanamume wa kumwonya."

Ami akanitazama sana. "Ungeniapia," akasema, "ningewachukua leo leo."

Hakuwachukua Idi ile, wala zilizofuata. Ijumaa alikuja mpaka uzee ulipomzuia.

Basi sikiliza. Unaniambia unasoma, tena unafanya kazi usiku, umekonda, unataka umalize upesi uje utusaidie. Hatuna haraka hiyo. Kula, ulale, upunguze kazi moja. Jambo likipata ufa, lizibe siku ile ile, wala usilibomoe lote kwa hofu ya upande mmoja. Usiahidi miaka usiyoijua; ahidi ule muda unaouweza, kisha uombe msaada bila kuona haya. Mimi niliwalea wawili hivyo, kidogo kidogo, na nguvu zangu hazikuisha njiani.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akupe riziki isiyokuchosha na usingizi mtamu, akuzungushie watu wa kukwambia ukweli, na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Amin.